Tairi la nyuma: soma ubavu kabla ya bei

Ukienda kununua tairi la nyuma la pikipiki ya spoti hapa Mombasa, usianze na bei wala jina. Chutama usome ubavuni. Fuata maandishi yanayoanza na herufi DOT mpaka tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi niliuziwa "jipya", linang'aa kwa dawa ya kupaka, kumbe limelala stoo miaka saba, mpira mkavu kama kifuu. Mvua ya kwanza ya Mei likaniteleza daraja la Nyali, mchana kweupe.

Upana je? Kama piki ilitoka kiwandani na 180/55 ZR17 (180 ni upana kwa milimita, 55 ni kimo kwa asilimia ya upana, 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi), rudi hapo hapo. Wengi wataka 190 kwa macho ya watu tu, lakini kwenye rimu yenye upana wa inchi 5.5 tairi hubanwa, umbo hubadilika, na kona hutazihisi tena vile ulivyozoea.

Na kama njia yako ni Mariakani na kurudi, mnyoofu, tairi laini la mashindano litakuwa bapa katikati upesi. Chukua lenye mpira mgumu katikati na laini pembeni. Presha pima asubuhi, kabla hujawasha.