Kabla Hujakatwa Utumbo, Panga Kwanza Habari ya Vitamini

Wanaonifuata kuniuliza habari za upasuaji wa kupunguza uzito huuliza mambo mawili: bei gani, na nitashuka kilo ngapi. Hakuna anayeuliza atameza vidonge vingapi na mpaka lini. Nakujibu hata kama hujauliza: vingi, kila siku, maisha yako yote. Kama hilo tu limeshakuchosha, bora ulijue sasa hivi kuliko kulijua ukiwa umeshashonwa.

Kwanza jua unafanyiwa kitu gani. Puto la kuwekwa tumboni, kama lile wanaloweka hospitali ya Mloganzila, si upasuaji, na baada ya miezi kadhaa linatolewa. Sliivu ni kukata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula ubaki mwembamba kama ndizi. Baipasi, niliyofanyiwa mimi India mwaka 2018, inakuachia kifuko cha ukubwa wa yai, halafu chakula kinarukishwa mwanzo wa utumbo mwembamba. Huo mwanzo wanaouruka ndiko mwili unakofyonzea sehemu kubwa ya chuma na kalsiamu. Kwa hiyo usiniambie utakula vizuri tu na mambo yataenda. Unaweza kula maini kila siku na chuma kikapita kama abiria wa mwendokasi asiyeshuka kituoni.

Pima damu kabla ya kupanda kitandani. Wengi wetu tunaingia chumba cha upasuaji tukiwa tumeshapungukiwa. Vitamini D ndiyo inayoshangaza watu, maana Dar jua halina adabu, lakini ukiwa mnene mafuta ya mwilini huificha, na wengi tunashinda ofisini au tumejifunika. Kwa upande wa chuma, usiridhike na kipimo cha wingi wa damu peke yake. Omba kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba. Na kama umekuwa ukitafuna udongo au barafu kama mjamzito wakati huna mimba, mwambie daktari, usione aibu, huenda ni dalili ya upungufu wa chuma. Juisi ya rozela ni tamu, kunywa, ila usiihesabu kuwa dawa ya damu.

Tenga fungu la pesa. Nenda duka la dawa kabla ya upasuaji, uliza bei ya multivitamini, chuma, vitamini B12, vitamini D na kalsiamu, jumlisha kwa mwezi, zidisha mara kumi na mbili. Kalsiamu nzuri kwetu ni ya sitreti, kwa sababu haihitaji asidi nyingi ya tumbo. Kwa kawaida tunaambiwa miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, na hazimezwi zote kwa mkupuo, mwili hauzipokei. Gawa mara mbili au tatu. Kalsiamu na chuma visikutane, viachanishe saa mbili. Chai nayo isikutane na chuma. Najua chai ya asubuhi ni ibada, isogeze tu.

Protini: gramu 60 kwa siku angalau. Anza na samaki, yai au maharage, wali ufuate kama nafasi imebaki. Nywele zitanyonyoka mwezi wa tatu au wa nne baada ya upasuaji. Usipige kelele, kwa wengi zinarudi.

Sasa kutapika. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ya wiki mbili tatu tu. Ukitapika mfululizo baada ya upasuaji huna muda wa kusubiri ipite yenyewe. Macho yakianza kuona viwili viwili, miguu ikiyumba, au ndugu zako wakisema unaongea mambo yasiyoeleweka, hiyo ni dharura ya usiku huohuo. Na anayekutundikia dripu ya glukosi akumbushwe kukupa B1 kwanza, kwa sababu glukosi bila B1 inaweza kuharibu zaidi. Andika hilo kwenye karatasi, mpe mtu unayeishi naye.

Mimi sikupatwa na hilo. Langu lilikuja polepole.

Mwaka wa kwanza nilikuwa mtoto mwema. Vidonge kwenye kikopo kando ya kitanda, sindano ya B12 kila mwezi. Mwaka wa pili nimeshuka kilo 41, magauni yote yamepelekwa kwa fundi, nikaona nimepona. Sindano nikaacha. Hakuna kilichotokea. Hapo ndipo B12 inapokudanganya: ini linaweza kuwa na akiba ya miaka, kwa hiyo unaacha leo, unaadhibiwa wakati umeshasahau ulichofanya.

Ganzi ilianzia vidole vya miguu. Jirani akasema nimekaa vibaya. Shemeji akasema ni sukari, nikapima, hakuna sukari. Duka la dawa nikapewa diklofenaki, dawa ya maumivu ambayo mtu wa baipasi hatakiwi kuigusa kwa sababu ya vidonda, lakini yule kijana angejuaje? Zahanati wakapima wingi wa damu, wakakuta uko sawa. Nilikuwa nimeendelea na vidonge vya foliki, vitamini ya kuongeza damu, na foliki inaweza kuifanya damu ionekane nzuri huku mishipa ya fahamu inazidi kuharibika.

Kila nilipoulizwa kama nimewahi kufanyiwa upasuaji, nilisema hapana. Mawifi zangu walikuwa wanajua nimepungua kwa maji ya limau na kutembea Coco Beach. Uongo ukishauzoea, unausema hata mbele ya daktari.

Siku moja natoka gengeni Tabata, nasikia mtoto ananifuata mbio: "Mama, ndala yako! Mama!" Nikatazama chini. Mguu wa kushoto uko peku, juu ya kokoto za moto za saa saba mchana, na sijui tangu lini. Nilikaa kwenye ngazi ya duka la watu nikalia.

Kesho yake nikasema ukweli. Daktari hakunigombeza, aliandika kipimo cha B12 tu, na majibu yalikuwa ya kutisha. Sindano kila baada ya siku moja, kisha kila wiki, kisha kila mwezi. Mguu wa kulia ulirudi. Vidole vya kushoto mpaka leo ni kama si vyangu.

Kwa hiyo kabla ya upasuaji amua nani atajua. Mawifi si lazima. Daktari, mfamasia na mtu mmoja wa nyumbani ni lazima. Ripoti ya upasuaji ipige picha ikae kwenye simu, maana karatasi za India hupotea. Panga tarehe za kupima damu: miezi mitatu, sita, mwaka, halafu kila mwaka, hata ukijisikia kama simba.

Mengineyo haraka haraka. Mimba: uzito ukishuka uzazi hufunguka bila kubisha hodi, na wanashauri kusubiri mwaka mmoja hadi mwaka na nusu. Vidonge vya uzazi wa mpango baada ya baipasi si vya kutegemea, ulizia njia nyingine. Kama unatumia metformini ya kisukari au omeprazo ya asidi ya tumbo, sema, zote hupunguza B12. Pombe itakupanda haraka kuliko zamani. Ukitaka kufunga, Ramadhani au Kwaresima, ongea na daktari wako kwanza. Ukienda kijijini kwa msiba, beba dawa za wiki mbili zaidi, misiba hurefuka. Na ndala za kuchomeka vidole achana nazo, mimi siku hizi navaa viatu vyenye mkanda nyuma.