Intaneti ya nyumbani katika mji mdogo: pima kwanza, lipia baadaye

Katika mji mdogo, kabla ya kuuliza kampuni ipi ina kasi kubwa, uliza huduma ipi inafika mlangoni kwako. Ramani za watoa huduma hukokotolewa kwa kompyuta: zinaonyesha eneo, si nyumba. Nyumba mbili za mtaa mmoja, moja mlimani na nyingine bondeni, zinaweza kuwa na mtandao tofauti kabisa.

Anza na faiba, yaani waya mwembamba wa kioo unaobeba data kwa mwanga, kwa sababu ikipatikana haina mpinzani. Kagua nguzo za mtaa wako. Ukiona kisanduku kidogo ambacho nyaya nyembamba zinatoka kwenda majumbani, uliza kama bado kina tundu lililo wazi. Faiba kupita barabarani haimaanishi kwamba nafasi yako ipo. Fundi akimaliza kuunganisha, usimwache aondoke kabla ya kupima nguvu ya mwanga unaofika kwenye kifaa cha faiba kilichofungwa ndani. Mitandao mingi ya majumbani hufanya kazi kati ya −8 na −27 dBm (kipimo cha nguvu: namba ikienda mbali chini ya sifuri, nguvu ni ndogo zaidi). Ukiachiwa −26, uchafu kidogo kwenye kiungio utakukatia huduma, kwa hiyo mwambie asafishe au aunge upya. Taa ya LOS kwenye kifaa hicho ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki: waya umekatika au umekunjwa mno, mara nyingi kwenye kona ya mlango. Laini ya simu ya shaba, kama ipo, inafaa kwa walio karibu na kituo cha simu tu. Kufikia kilomita 5 za waya, kinachobaki ni kasi ndogo sana.

Faiba ikikosekana, wengi huishia kwenye ruta ya 4G, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea bure. Usiamini vijiti vya mtandao kwenye simu. Azima laini za kampuni zote zenye mnara karibu, tumia simu moja, ifunge kwenye 4G, na utumie programu inayoonyesha namba mbili: RSRP, yaani nguvu ya mawimbi, na SINR, yaani usafi wake. Pima kila dirisha, kisha nje, kisha mahali pa juu unapoweza kupanda kwa usalama. Subiri dakika moja kila mahali ili namba zitulie.

RSRP ya −80 dBm ni nzuri sana, −100 inavumilika, chini ya −110 ni mateso. SINR ikipita 20 umepata hazina. Kati ya 10 na 20 utafanya kazi vizuri. Ikikaribia 0, mawimbi yapo lakini yamevurugwa, pengine na mnara mwingine. Mahali penye −100 na SINR ya 15 pana faida kuliko penye −85 na SINR ya 2. Chagua kwa usafi kwanza.

Rudia kipimo cha kasi alfajiri na tena kati ya saa 2 na saa 4 usiku. Kama RSRP haijabadilika lakini kasi imeporomoka kutoka megabiti 30 hadi 3, mnara umeelemewa na watumiaji, na hakuna antena itakayokuponya. Badili kampuni, au jaribu masafa mengine, yaani mikanda ya mawimbi ambayo minara hutumia, kwenye mipangilio ya ruta. Masafa ya 800 na 900 MHz hufika mbali na kupenya kuta, ndiyo maana simu huyakimbilia. 1800 na 2600 hufika karibu zaidi lakini kwa kawaida hubeba data nyingi.

Kama tatizo ni mawimbi dhaifu ndani, huku nje yakiwa mazuri, antena ya nje inasaidia kweli. Paa la bati na ukuta mnene hula desibeli nyingi, yaani hupunguza sana nguvu ya mawimbi. Nunua antena ya kuelekeza yenye kebo mbili, kwa sababu 4G hutumia njia mbili kwa pamoja; kebo moja inaweza kukunyima karibu nusu ya kasi. Hakikisha kwanza kwamba ruta ina matundu ya antena. Usitumie kebo ya televisheni, kwani ni ya omu 75 na vifaa hivi ni vya omu 50, hivyo haviendani. Urefu nao una gharama: mita 10 za LMR-200, aina ya kebo nyembamba ya antena, kwenye 1800 MHz hupoteza takribani desibeli 4.6, yaani karibu theluthi mbili ya nguvu iliyonaswa. Kama ruta itakaa mbali na nguzo ya antena, chukua kifaa cha nje chenye modemu na antena pamoja, kiunganishe na ruta kwa waya wa ethaneti unaobeba data na umeme. Huo hufika mita 100 bila shida.

Kufunga: kaza antena kidogo, igeuze nyuzi 5 hivi kwa wakati, ngoja nusu dakika, soma SINR, endelea. Ikipanda mpaka mwisho na kuanza kushuka, rudi pale ilipokuwa juu na ukaze. Viungio vya nje vifungwe kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe, na kebo ipinde kwenda chini kabla ya kuingia ukutani ili maji ya mvua yadondokee nje. Nguzo ya chuma iunganishwe na waya wa ardhini. Maji kwenye kiungio ndiyo sababu ya kawaida ya mtandao uliokuwa mzuri kufifia mwezi baada ya mwezi.

Huduma ya redio ya 5 GHz, yaani intaneti isiyo na waya kutoka mnara wa mtoa huduma mdogo hadi antena iliyo nyumbani kwako, ni nzuri mradi uone mnara kwa macho. Kwenye umbali wa kilomita 5, njia inahitaji uwazi wa takribani mita 5 kuzunguka mstari unaonyooka kutoka antena yako hadi mnara, si mstari wenyewe tu. Mti ukiota majani, mtandao hushuka.

Setilaiti huja pale ambapo hakuna kingine. Zile za kilomita 35,786 juu zina ucheleweshaji wa zaidi ya nusu sekunde, na mazungumzo ya video huchosha. Za karibu kama Starlink, kilomita 550 hivi, hazina tatizo hilo, ila dishi linadai anga wazi na umeme: la kawaida hula wati 75 hadi 100, wakati ruta ya 4G ya volti 12 na ampea 1 haizidi wati 12. Betri ya risasi ya volti 12 na 7 Ah (ampea-saa), ikitumika nusu ili isife mapema, huiwasha ruta hiyo saa tatu na nusu. Dishi litaimaliza ndani ya dakika 35.

Kabla ya kusaini, soma kikomo cha kifurushi. Saa moja ya video ya HD inaweza kula GB 3, na vifurushi vingi vinavyoitwa visivyo na kikomo hupunguza kasi baada ya kiasi fulani. Tafuta kiasi hicho na kasi inayobaki baadaye, viandikwe kwenye mkataba.