MGA Twin Cam nyumbani: namna ya kulifungua ili lirudi

Kulifungua gari lote kulinichukua wiki tatu. Kulirudisha kulinichukua miaka minne, na mwaka mzima kati ya hiyo uliishia kutafuta vitu ambavyo tayari nilikuwa navyo: kibano hiki kilishika nini, washa hizi nene zilikaa chini ya nini, bolti hii fupi ni ya wapi. Ndiyo maana kila hatua hapa nimeipanga nikiifikiria siku ya kurudisha. Gari lenyewe ni MGA Twin Cam, gari dogo la michezo la Kiingereza la mwishoni mwa miaka ya 1950, ila mwenye Triumph au Austin-Healey ya miaka hiyo atakuta mengi ya kwake humu.

Hatua ya 1: Hakikisha ulichonunua

Kiwanda cha Abingdon, Uingereza, kilitoa MGA zaidi ya 100,000 kati ya 1955 na 1962. Twin Cam zilikuwa 2,111 tu, za 1958 hadi 1960. Injini yake ya cc 1588 ina kamshafti mbili (mihimili inayofungua vali) juu ya silinda hedi na ilitoa nguvu farasi 108, nguvu ya kusifika kwa wakati ule. Lakini ilikuwa na tabia ya kutoboa pistoni, na jina baya likaenea haraka kuliko dawa yake. Wenye magari wengi waliichoka, wakaing'oa na kutia injini ya kawaida. Leo utakuta gari halisi la Twin Cam lenye moyo wa kuazima, na utakuta pia injini ya Twin Cam imekaa ndani ya gari lisilo lake.

Anza na namba ya chesisi: YD ni gari la wazi, YM ni lenye paa la kudumu. Magurudumu yanayofungwa kwa nati moja kubwa katikati, na breki za diski pande zote nne, ni dalili nzuri ila si ushahidi. Twin Cam ilipokoma, kiwanda kilitumia chesisi na breki zilezile kwenye magari machache ya injini ya kawaida, yale yanayoitwa De Luxe. Ushahidi wa kweli ni cheti kutoka British Motor Museum, makumbusho ya magari kule Gaydon, Uingereza, kinachoandikwa kutokana na kumbukumbu za kiwanda. Kiagize kabla hujashika spana, kwa sababu kitakuambia namba ya injini ya awali na rangi ya kwanza, na hayo mawili yatabadilisha maamuzi yako mengi.

Hatua ya 2: Spana za inchi, hakuna mjadala

Kichwa cha nati ya nusu inchi kina milimita 12.7. Spana ya 13 itaingia, utaona kama inashika, utavuta kwa nguvu, kisha utasikia "krak" na pembe zote sita zimeshakuwa duara. Ile ya 9/16 ina milimita 14.3: spana ya 14 haiingii, ya 15 inacheza. Nunua seti ya inchi iliyo nzuri. Kwenye vifaa vya umeme vya kampuni ya Lucas utakutana na skrubu ndogo za nyuzi za BA (British Association, kipimo cha zamani cha Uingereza), ambazo hazilingani na kitu kingine chochote. Usizilazimishie skrubu nyingine, zihifadhi kama dhahabu.

Bolti iliyogoma ipige mafuta ya kupenyeza leo, kesho na keshokutwa. Ikikataa, ipashe moto nati yenyewe (si karibu na tangi wala bomba la petroli), halafu ikaze kidogo kwanza kabla ya kuifungua. Mara nyingi huachia kwenye huko kukaza.

Hatua ya 3: Picha, mifuko, na sheria moja

Toa betri kwanza. Ni mbili za volti 6 zilizounganishwa mfuatano, zimekaa nyuma ya viti, na kwenye gari hili waya wa chanya ndio unaokwenda kwenye chesisi. Liandike hilo kwa herufi kubwa na ulibandike ukutani, maana mtu yeyote aliyezoea magari ya sasa ataziweka kinyume.

Piga picha kila kitu mara tatu: kutoka mbali, kutoka karibu, na mkono wako ukiwa umekielekezea. Kisha sheria yenyewe: bolti ikitoka, kitu kikishaondolewa, bolti inarudi kwenye tundu lake kwa mizunguko miwili ya vidole. Isiyoweza kurudi huingia mfukoni pamoja na washa zake zote, kwa mpangilio uleule, zikiwa zimepitishwa kwenye waya. Mfuko upe jina la kazi, si la kifaa. "Kufunga radieta, upande wa kulia" utakusaidia baada ya miaka mitatu. "Bolti za mbele" hautakusaidia hata wiki ijayo.

Na usitupe kitu, hata kilichooza. Mbao za sakafu za MGA ni plaiwudi, na zile zilizooza ndizo kiolezo cha kukatia mpya.

Kuhusu usalama nitasema mara moja tu. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi, kwenye sakafu ngumu, na ulitikise gari kabla hujalala chini yake. Vumbi la breki na klachi za zamani lichukulie kuwa lina asbesto: lilowanishe, usilipulize kwa hewa. Rangi ya zamani huwa na madini ya risasi, kwa hiyo piga msasa wa maji na uvae barakoa ya kweli.

Hatua ya 4: Kabla hujakata bodi, ifunge

Hapa ndipo nilipoharibu. Vizingiti vya chini ya milango huoza kwanza, na nilipoona kile cha kushoto kimebaki kama biskuti, nikawasha grainda na kukikata chote. Mlango uliokuwa ukifungwa kwa kidole kimoja, jioni ile uligonga nguzo ya nyuma na kukataa kuingia. Bodi ilikuwa imejikunja milimita tano. Niliikata tena na kuanza upya.

Fanya hivi. Gari likiwa bado juu ya chesisi yake, na bolti zote za bodi zimefungwa, pima mwanya wa kila mlango sehemu sita na uandike. Kisha chomelea vyuma vya mraba kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, kimoja juu na kimoja cha mshazari. Viweke upande wa ndani kiasi kwamba mlango bado unaweza kuning'inizwa na kufungwa vyuma vikiwa mahali pake. Hilo watu hulisahau, kisha inawalazimu kuondoa vyuma ili wapime mlango, na faida yote inapotea.

Sasa kata upande mmoja tu. Kizingiti kipya kishike kwanza kwa koleo za kubana, ning'iniza mlango, ufunge, tazama mwanya. Ukiridhika, kichomelee kwa vipande vifupi, kimoja huku, kingine kule, ukiacha chuma kipoe. Baada ya kila vipande vichache funga mlango tena. Inachosha, najua. Upande wa pili usiuguse mpaka wa kwanza umalizike.

Milango, boneti na buti vina ngozi ya alumini juu ya fremu ya chuma. Pale alumini na chuma zinapogusana, unyevu ukiingia, alumini hugeuka unga mweupe. Usizipeleke ngozi hizo kupigwa mchanga; zitakunjamana zisinyooke tena. Zioshe kwa dawa ya kuondoa rangi, na uzipake praima maalumu ya alumini.

Bodi ikishakaa vizuri, watu wanne wanaweza kuinyanyua. Vipande vya kujazia vilivyo kati ya bodi na chesisi vipige namba kila kimoja, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyokuwa vikinyoosha milango.

Hatua ya 5: Chesisi na breki

Chesisi ni mirija ya mraba, na kutu huanzia ndani. Igonge kwa nyundo ndogo urefu wote: chuma kizima hulia kama kengele, kilichooza hujibu kwa sauti ya boksi la karatasi. Angalia hasa vishikio vya betri na pale sakafu inapokaa. Pima mishazari yote miwili. Ikitofautiana, gari liliwahi kugongwa. Baada ya rangi, nyunyizia nta ndani ya mirija.

Kaliper za Dunlop (vishikio vinavyobana diski za breki) hazina siri. Pistoni zenye vishimo vya kutu zibadilishe, mipira yote iwe mipya, na mabomba pia. Nyuma kuna kaliper ndogo za pembeni kwa ajili ya breki ya mkono, na hizo huganda kwa kukaa tu. Zifungue hata kama zinaonekana nzima. Mafuta ya breki yakimwagikia rangi mpya huichubua, kwa hiyo weka ndoo ya maji karibu.

Hatua ya 6: Injini, polepole

Kupima na kuchonga silinda na krankishafti mpelekee fundi mwenye mashine. Kufunga unaweza mwenyewe, ukiwa na subira. Silinda hedi ikiwa imefungwa na mnyororo haujaunganishwa, usizungushe kamshafti kiholela: vali zitagonga pistoni, na vali iliyopinda kidogo huioni kwa macho. Mwanya wa vali hurekebishwa kwa vibati vyembamba vilivyo chini ya vikombe vinavyokaa kati ya kamshafti na vali, maana yake kupima, kutoa kamshafti, kubadilisha kibati, kurudisha, kupima tena. Mimi ilinichukua siku mbili nzima. Ukimaliza, zungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili bila plagi. Ukihisi kitu kinagoma, simama hapohapo.

Sasa pistoni. Za kwanza zilikuwa na mgandamizo wa 9.9 kwa 1 na zilidai petroli ya oktani ya juu sana. Kiwanda chenyewe kiliishia kushuka hadi 8.3 kwa 1, nguvu ikapungua hadi farasi 100. Chukua za 8.3. Farasi wanane hutawahisi barabarani; pistoni yenye tundu utaihisi mfukoni.

Mgandamizo ulikuwa sehemu tu ya tatizo. Waliolichunguza baadaye walibaini kwamba kwenye mwendo fulani injini hutetemeka kiasi cha kuifanya petroli itoke povu ndani ya kabureta. Povu lina hewa nyingi na petroli kidogo, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda, pistoni inatoboka. Dawa ni kuzifunga kabureta juu ya mipira laini, na nati zake zisikazwe mpaka mwisho: ukishika kabureta kwa mkono iwe inacheza kidogo. Anayekuja kukusaidia atataka kuzikaza. Mzuie.

Hatua ya 7: Kuweka jeti ya SU katikati

Kabureta ni mbili, za kampuni ya SU, modeli H6. Kila pistoni ya kabureta ina kofia yake na haziazimani, kwa hiyo zitie alama. Usizisugue kwa msasa. Kitambaa na petroli safi vinatosha. Vizuizi vya koki (cork, gome jepesi la mti) vinavyozunguka jeti, kile kijirija kinachopitisha petroli, virowekwe kwenye oili kabla ya kuvifunga, la sivyo vitavuja.

Legeza nati kubwa ya chini inayoshika jeti, nusu mzunguko. Sukuma jeti juu mpaka mwisho. Toa kizibo cha juu chenye kijiti cha oili, ingiza penseli, na uikandamize pistoni taratibu hadi chini. Ikiwa imekandamizwa hivyo, kaza nati. Sasa inyanyue pistoni kwa kidole na uiachie. Unatafuta "tak" kavu, ya chuma kwa chuma. Shusha jeti, rudia. Sauti ya mara ya pili ikiwa kali kuliko ya kwanza, jeti bado imeegemea upande. Legeza, anza tena. Usikubali "karibu sawa" hapa. Ukiridhika, kaza nati ya kurekebishia mpaka juu kisha uirudishe mizunguko miwili kamili. Hapo injini itawaka, na utaendelea kurekebisha ikiwa ya moto.

Hatua ya 8: Umeme na rangi

Rangi za waya za Lucas ni lugha rahisi: kahawia hutoka betri moja kwa moja, nyeupe hupata umeme ukifungua swichi, kijani imepita kwenye fyuzi, nyeusi ni ethi (waya wa kwenda kwenye bodi), bluu ni taa kubwa, nyekundu taa ndogo. Kabla ya kuunganisha betri mara ya kwanza, pachika balbu kati yake na gari. Kila swichi ikiwa imezimwa na balbu inawaka sana, kuna waya umegusa bodi.

Kuhusu rangi: funga gari lote kwanza bila rangi, pamoja na mipira ya milango, kwa sababu mpira mpya unaweza kuusukuma mlango nje. Vyote vikikaa, fungua tena, ndipo upige rangi.

Hatua ya 9: Kuwasha

Hosi za petroli ziwe mpya na za kuhimili ethanoli. Mpira wa zamani huyeyuka taratibu kwa petroli ya siku hizi. Toa plagi, zungusha injini kwa stata mpaka geji ya oili inyanyuke, kisha rudisha plagi. Kizima moto kiwe mkononi mwa mtu mwingine, si sakafuni.

Safari ya kwanza iwe fupi. Panda hadi mwendo wa kati, shikilia hapo dakika moja, kisha zima injini hapohapo bila kuiacha ingurume, na uegeshe. Toa plagi zote nne. Rangi ya kahawia hafifu, endelea. Moja ikiwa nyeupe kama chokaa, silinda hiyo inakosa petroli: usiendeshe kurudi, livute kwa kamba, na uanzie kwenye mipira ya kabureta.