Somo: Kusoma trendi (mwelekeo wa bei sokoni) kwa muvingi avareji

Habari za saa hizi, wadau. Wengi tunapoanza tunabandika muvingi avareji (MA), yaani mistari ya wastani wa bei, tano kwenye chati, kisha tunasubiri zikatane. Leo nataka tuanze na jambo linalotangulia makutano: mstari wenyewe unapanda, unashuka au umelala?

Hatua ya 1: Jua mstari unatoka wapi
MA ya 5 hujumlisha bei za kufunga (bei za mwisho) za mishumaa 5 ya mwisho na kugawa kwa 5; kila mshumaa ni kipindi kimoja kwenye chati, mfano saa 4 au siku. Bei zikiwa 10, 11, 12, 13 na 14, wastani ni 12. Mshumaa unaofuata ukifunga 19, ile 10 inatoka, 19 inaingia, na wastani unakuwa 13.8. Angalia hapo: bei iko 19, mstari bado uko 13.8. MA huchelewa siku zote, kwa sababu inasimulia yaliyokwishapita.

Hatua ya 2: SMA au EMA?
Hiyo ya juu ni SMA, wastani wa kawaida. EMA huupa mshumaa wa mwisho uzito zaidi: 2 gawa kwa idadi ya mishumaa ukiongeza 1. Kwa 5 ni 2/6, yaani theluthi. Tukianzia 12 ileile, 19 imezidi kwa 7, theluthi yake ni 2.33, kwa hiyo EMA inafika 14.33. Inawahi, ila inashtuka upesi soko likitikisika kidogo. Mimi natumia EMA 20 na 50 kwenye chati ya saa 4, na SMA 200 kwenye chati ya siku.

Hatua ya 3: Soma mteremko
Bei juu ya EMA 20, EMA 20 juu ya EMA 50, na mistari yote inapanda: soko linapanda, tafuta kununua tu. Kinyume chake, tafuta kuuza. Mistari ikilala na bei ikaikata juu chini, juu chini, hakuna trendi, kaa nje. Akaunti yangu ya kwanza iliungulia hapo hapo. Nilinunua kila EMA 20 ilipovuka juu ya 50, nikauza kila iliposhuka chini yake, na kila mara soko liligeuka nikiwa nimeshaingia.

Hatua ya 4: Subiri mshumaa ufunge
Hii haina mjadala.

MASWALI

Mwalimu, niliona makutano, nikaingia, baadaye yakafutika kwenye chati. Tatizo ni nini?
Mshumaa ulikuwa haujafunga, ndugu yangu. Kabla ya hapo, MA inahesabu bei ya sasa kana kwamba ndiyo ya kufunga. Bei ikirudi, makutano nayo yanaondoka.

Msalaba wa dhahabu ndio nini?
MA ya 50 kuivuka ya 200 kwenda juu, hasa kwenye chati ya siku. Ikishuka chini yake wanaita msalaba wa kifo. Kwa kuwa mistari hii ni mizito, bei huwa imeshatembea sana kabla haijakatana.

Stop losi (amri ya kufunga biashara ili hasara isizidi) niiweke kwenye mstari wa MA?
Hapana. Mstari unasogea, na bei mara nyingi huugusa au kuupita kidogo kisha ikaendelea na safari. Ukiwa umenunua, iweke chini ya bonde la mwisho, yaani pale chini bei ilipogeukia kwenda juu. Bonde likiwa mbali, punguza loti (kiasi unachonunua).