Una mkopo wa nyumba na bado unakarabati? Hela ya ziada ipeleke hivi

Watu walionunua nyumba yao ya kwanza hapa Tabora kwa mkopo wa benki, hasa zile za zamani za Isevya na Cheyo au zile za Ipuli ambazo mtu anahamia ndani hazijapigwa hata lipu ya nje, wote wanafika kwenye swali moja: mshahara unakatwa kila mwezi, nyumba nayo inadai, sasa ikipatikana laki mbili tatu za ziada nimpe fundi au nipeleke benki? Jibu langu: paa, mchwa na umeme kwanza, halafu sehemu kubwa benki, inayobaki ndo gypsum na vigae. Wengi wanaanzia kwenye gypsum, na nawaelewa, maana hiyo ndo wageni wanaiona.

Tuanze na hesabu. Chukua mkopo wa milioni 40, riba 15% kwa mwaka inayopigwa kwenye salio linalopungua, muda miaka 15 (hizi ni namba za mfano, wewe weka zako). Rejesho linakuja kama 559,800 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni laki tano kamili, yaani kwenye hela yote uliyokatwa iliyogusa deni lenyewe ni elfu 59 na kitu. Mwaka ukiisha umeshatoa zaidi ya milioni 6.7 na ukiomba salio unasomewa milioni 39.2, hapo ndo mtu anadhani benki wamemuibia kumbe hesabu iko sawa tu, miaka ya mwanzo unalipa riba. Ukienda hivyohivyo mpaka mwisho utakuwa umelipa milioni 100 na ushee.

Sasa ongeza laki moja kila mwezi kuanzia mwanzo. Deni linaisha kwenye miaka tisa na nusu badala ya 15, na riba utakayokuwa umeikwepa ni kama milioni 25. Au kila mwezi huwezi, wewe hela yako inakuja kwa mkupuo, labda tumbaku ya shamba la familia kule Urambo imelipwa au kikoba kimevunja mzunguko, ukaweka milioni 2 mwisho wa mwaka wa kwanza: hiyo milioni 2 inafuta miaka miwili na kidogo ya marejesho ya mwishoni. Hela hiyohiyo ukiiweka mwaka wa 12 haifanyi kazi hata robo yake. Ndo maana nasema mapema.

Lakini sikiliza hapa vizuri, maana hapa ndo watu wanapoteza. Ukiingiza tu hela kwenye akaunti inayokatwa mkopo, mara nyingi itakaa pale ikisubiri rejesho la mwezi ujao, deni halijaguswa. Lazima uende tawini na barua, na barua iseme waziwazi unataka nini, kitu kama hiki:

"Naomba kiasi cha shilingi milioni mbili kilichopo kwenye akaunti yangu kipunguze deni la msingi la mkopo wangu wa nyumba. Rejesho la kila mwezi libaki lilelile, muda wa mkopo upungue. Naomba nipewe ratiba mpya ya marejesho."

Ile sentensi ya katikati ndo yenye hela. Kwa mfano wetu, benki wakiacha muda uleule wakapunguza rejesho, utaona unalipa kama elfu 28 pungufu kila mwezi, utafurahi, na mpaka mkopo uishe faida yako ukitoa ile milioni 2 ni kama milioni 2.8. Wakiacha rejesho lilelile wakapunguza muda, faida ni kama milioni 11.8. Hela ni ileile, tofauti milioni tisa. Isipokuwa kama kazi yako haieleweki, mkataba wa mwaka mwaka au biashara inayumba, hapo chukua rejesho dogo upumue, sitakulaumu. Na usiondoke bila ratiba mpya mkononi, au kama haitoki siku hiyo rudi mpaka itoke, ukipewa angalia salio la mstari wa kwanza limeshuka kwa kiasi ulichoweka au la. Watumishi ambao mnakatwa moja kwa moja kwenye mshahara msidhani mtaomba makato yaongezwe kirahisi, kuna ile kanuni ya theluthi moja ya mshahara kubaki, kwahiyo ya ziada mtaipeleka wenyewe.

Kabla ya yote hayo toa mkataba kabatini uusome. Unatafuta vitu vitatu: kuna faini ya kulipa kabla ya muda au hakuna, kiasi cha chini cha kupunguza deni ni shilingi ngapi, na riba inapigwaje. Kama ni riba ya flati, ile inayopigwa siku ya kwanza kwenye deni zima mpaka mwisho, kulipa mapema kunaweza kusikusaidie chochote mpaka mkataba useme kuna punguzo, hapo bora hela ikae kwenye nyumba. Na kama una kausha damu popote (ile mikopo ya mtaani yenye riba kali), au mikopo ya kwenye simu, lipa hiyo kwanza, usije ukakwepa riba ya 15% huku unalipa ya kwenye simu inayoweza kuwa kubwa kuliko hiyo.

Haya, nyumba. Kwanini paa, mchwa na umeme vinaitangulia benki wakati riba ni kubwa hivyo? Kwasababu hivi vitatu kila ukivichelewesha bei yake inapanda kuliko riba, na hela ukishaipeleka kupunguza deni hairudi, huwezi kwenda kuomba nipeni laki tano bati limevuja. Na mvua zetu zinaanza Novemba, kwahiyo kazi ya paa iwe imeisha Oktoba, fundi mzuri ukimtafuta Novemba utamkuta yuko juu ya paa la mwingine.

Mchwa ndo adui wa Tabora, asikudanganye mtu. Usisubiri kumuona, chukua bisibisi na tochi, panda darini, anza kwenye mbao zilizolalia ukuta maana mara nyingi anaanzia hapo, gonga kwa mpini sikiliza, mbao nzima inalia kavu, iliyoliwa inalia tupu, halafu choma kwa ncha. Bisibisi ikizama kama kwenye mkate hiyo mbao haipo, imebaki rangi. Shuka uzunguke msingi nje, tafuta vile vinjia vya udongo vinavyopanda ukutani, angalia nyuma ya fremu za milango na kwenye kona ya bafuni penye unyevu. Ukivikuta usivifute ukapaka rangi, ita mtu wa dawa apige kuzunguka msingi wote, na mbao mpya utakazonunua ziwe zimewekwa dawa. Mtu anayepiga gypsum nzuri chini ya kenchi (mbao zinazobeba paa) iliyoliwa, mimi sina la kumsaidia.

Paa kuvuja si lazima ununue bati jipya, mafundi wengi wanakimbilia hapo kwasababu ndo penye hela. Cheki misumari kwanza, raba zake zikishakauka maji yanapita kwenye tundu, cheki kofia (bati la kufunika mgongo wa paa), cheki kona ambapo mapaa mawili yanakutana. Kubadilisha misumari na kuziba ni kazi ndogo. Bati likiwa limeoza kweli basi nunua, na kama uwezo upo chukua geji 28, ni nene kuliko 30.

Umeme kwenye nyumba za zamani unakuta waya moja nyembamba inalisha taa, soketi, pasi na jiko. Fundi akupe waya wa 1.5 (milimita za mraba) kwa taa, 2.5 kwa soketi, jiko liwe na laini yake, na ethi, yaani waya wa usalama unaozikwa, iwepo kweli ardhini sio kwenye maneno. Nunua vifaa mwenyewe, fundi mlipe kwa hatua. Ukitaka kuongeza chumba au kuvunja ukuta, kibali cha manispaa kwanza, na cheki mkataba wa mkopo, mara nyingi benki wanataka uwaombe kabla ya kubadilisha nyumba waliyoishikia dhamana.

Ukishamaliza hayo, weka pembeni akiba ya kama marejesho matatu, isiguswe. Kuanzia hapo mgao ninaoupenda mimi ni huu: kila ziada ikiingia, theluthi mbili benki, theluthi moja kwenye finishing. Wengine watakwambia yote benki, kihesabu wako sahihi, ila binadamu akikaa miaka sita kwenye sakafu ya zege la kukwaruza na mke anaangalia ukutani hakuna hata skimu, siku moja atachoka achukue mkopo mwingine wa milioni 10 amalize zote kwa mpigo. Chumba kimoja kwa mwaka kinatosha. Anza na jikoni na choo.

Na hapo katikati benki watakupigia kukuambia umeshafuzu topapu, yaani kuongezewa mkopo juu ya ule ulionao. Topapu inarudisha muda nyuma, kile ulichokikata kwa miaka mitatu kinafutika kwa saini moja, kwahiyo iwe kwa jambo zito kweli. Kama ni nyumba ya familia mwenza wako naye lazima aridhie dhamana hiyo, sheria ya ardhi ndo inavyotaka, msimpelekee karatasi asaini akiwa anapika.

Deni likiisha omba barua ya kumaliza mkopo, hati yako, na fomu ya kuondoa dhamana iliyosainiwa na benki, halafu vyote hivyo vipeleke ofisi ya ardhi ya mkoa ili jina la benki litolewe kwenye rejista. Kuna watu wana hati kabatini na wanajua wamemaliza, siku ya kuuza au kuwaachia watoto inaonekana nyumba bado ina dhamana ya benki. Hakikisha namba ya kiwanja na majina kwenye fomu yanafanana na ya kwenye hati herufi kwa herufi, na fanya hivyo ukiwa bado uko kaunta.