Tumbo kujaa gesi: anzia jikoni kabla hujaenda duka la dawa

Mtu akianza kusumbuliwa na tumbo kujaa gesi kitu cha kwanza anaacha maharage, halafu kunde, halafu na mboga za majani eti zinamchafua tumbo, anabaki na chipsi, mkate mweupe na soda, mwezi unakatika tumbo bado liko palepale na sasa hata choo kimekuwa kigumu. Hii kitu inaniuma sana kwa sababu maharage hayana kosa, shida kubwa ni tunavyoyapika na tunavyokula, na utumbo unavihitaji hivyo vyakula kuliko tunavyodhani.

Tuelewane kwanza gesi inatoka wapi. Kuna hewa unayoimeza mwenyewe, ukila harakaharaka, ukiongea huku unatafuna, ukinywa soda kwa mrija, bigijii, sigara, hii nyingi inarudi juu kwa kubeua. Halafu kuna gesi inayotengenezwa na bakteria wa utumbo mpana wakila yale mabaki ambayo utumbo mdogo umeshindwa kuyasaga, hii ndo inatoka kwa chini. Na mtu mzima mwenye afya kujamba hata mara kumi na kitu kwa siku ni kawaida kabisa, wala usijione mgonjwa. Hao bakteria wanakufanyia kazi, wakila nyuzinyuzi za chakula wanatengeneza asidi fulani ambazo ndo chakula cha ukuta wa utumbo mpana, kwa hiyo tunataka kupunguza usumbufu tu, siyo kuwaua wao.

Sasa maharage. Ndani yake kuna sukari zinaitwa rafinosi na stakiosi, mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja, zinafika chini nzimanzima na bakteria wanazishangilia. Uzuri wake hizi sukari zinayeyuka kwenye maji. Kwa hiyo chambua, osha, loweka usiku kwenye maji mengi, angalau mara tatu ya maharage yenyewe, saa 8 mpaka 12. Kama unakaa sehemu ya joto kama Dar au Mombasa badilisha maji katikati maana yakikaa sana yanaanza povu na harufu. Asubuhi yale maji utayakuta yamebadilika rangi na yana vipovu pembeni, yamwage yote, usiyapikie hata kama mama mkwe alikufundisha hivyo. Weka maji mapya, chemsha kwa moto mkali dakika 10, mwaga tena, weka mengine ndo uyapike mpaka yaive. Ndiyo, vitamini kidogo vinaondoka na maji, najua kuna atakayesema, lakini maharage yaliyopungua vitamini kidogo ukayala ni bora kuliko yale unayoyakimbia.

Kuiva nako watu wanadanganyana. Toa harage moja, libonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada, lipondeke lote, ukikuta katikati kuna kiini kigumu rudisha mfuniko. Magadi yanalainisha na kuokoa mkaa ni kweli, ila yanaharibu vitamini B1 na yana sodiamu, mwenye presha ayaache, kuloweka kunatosha. Na tui zito nalo liangalie, mafuta mengi yanachelewesha chakula kutoka tumboni ndo maana unavimbiwa mpaka jioni halafu lawama anapewa harage.

Kuna kitu kingine hapo kwenye sufuria ambacho watu hawakishuku, kitunguu maji na kitunguu swaumu. Vina sukari inaitwa fruktani na wenye matumbo mepesi inawasumbua kuliko hata maharage, ipo pia kwenye ngano, kwa hiyo wale mnaosema chapati zinawajaza gesi hamjaota. Fruktani inayeyuka kwenye maji lakini haiyeyuki kwenye mafuta, kwa hiyo kata kitunguu vipande vikubwa, kaanga kwenye mafuta mpaka vinukie, vitoe, ndo uweke nyanya na vingine. Ladha inabaki na tumbo linatulia.

Kama ulishaacha maharage muda mrefu usirudi na bakuli zima siku ya kwanza utanilaumu bure. Anza vijiko vitatu vinne, choroko au dengu zilizokobolewa ni nyepesi zaidi, kaa hivyo siku kadhaa, ongeza polepole wiki mbili tatu. Bakteria wanazoea na wewe unazoea.

Maziwa ni mshukiwa wa pili. Watu wazima wengi duniani, na sisi tukiwemo, kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa kinapungua baada ya utoto, na kuna jamii za wafugaji ambazo kimebaki, utafiti wa mwaka 2007 uliofanyika Tanzania, Kenya na Sudan ulionyesha mabadiliko ya vinasaba yanayowafanya wavumilie maziwa mpaka uzeeni. Kwa hiyo usijilinganishe na rafiki yako wa Kimasai anayemaliza kibuyu na hana habari. Jipime mwenyewe, acha maziwa yote wiki mbili, na chai ya maziwa na ya unga nayo ihesabu, halafu siku moja asubuhi kunywa glasi moja tumbo likiwa tupu uone masaa machache yajayo. Likiunguruma na kujaa umepata jibu. Hapo hamia kwenye mtindi, bakteria wa mtindi wameshakula sehemu ya hiyo sukari, ila chukua usiojazwa sukari ya dukani.

Na vyakula vilivyochachuka vyetu tusivibeze. Mwaka 2025 jarida la Nature Medicine lilitoa utafiti wa Kilimanjaro, watafiti wa hospitali ya KCMC Moshi na chuo cha Radboud cha Uholanzi walichukua wanaume 77 wenye afya, wa kijijini wakapewa chakula cha kizungu cha kusindikwa kwa wiki 2, wa mjini wakarudishwa kwenye chakula cha asili, wengine wakanywa mbege, ile pombe ya ndizi ya Wachaga, wiki 1. Wale waliohamia cha kizungu alama za inflamesheni kwenye damu, yaani kinga ya mwili kuwashwa bila sababu, zilipanda, waliorudi kwenye cha asili na wa mbege zikashuka, na mabadiliko mengine yalikuwepo bado wiki 4 baadaye. Wiki mbili tu jamani. Sisemi mtu aanze pombe, uchachu unaupata kwenye togwa, uji wa kuchachua na mtindi, na nyuzinyuzi unazipata kwenye kande, ulezi, mtama, matembele, bamia. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, kwa mlo wa mkate mweupe na chipsi hufiki.

Ukiongeza nyuzinyuzi ongeza na maji, la sivyo utaziba. Choo kigumu chenyewe kinaleta gesi maana mzigo umekaa njiani na bakteria wanaendelea kuula. Papai lililoiva asubuhi linasaidia, ukwaju pia. Ukisikia haja nenda, usibane eti umalizie kikao. Na wenye choo cha kukaa wekeni kigoda chini ya miguu magoti yapande juu, mkao wa kuchuchumaa unanyoosha njia.

Kula taratibu nimeshasema. Ongeza kutembea dakika 10 au 15 baada ya kula badala ya kujilaza kwenye kochi, gesi inasogea yenyewe.

Viungo vya jikoni vinasaidia kiasi. Tangawizi inasaidia tumbo kusukuma chakula mbele, ponda kipande cha kidole gumba chemsha kwenye kikombe. Bizari nyembamba na iliki wengi zinawatuliza, na pwani wanatia mvuje kidogo sana kwenye dengu. Unga wa soda ule wa maandazi ambao watu wanakoroga na kunywa ukikutana na asidi ya tumbo unatoa gesi, ndo maana unabeua ukadhani umepona.

Ila hizi dawa za kusafisha tumbo naomba muwe nazo makini sana. Nyingi ndani yake ni sanamaki au shubiri, zinakuharisha, unapoteza maji na potasiamu, tumbo linakuwa bapa siku mbili unapiga picha, halafu linarudi. Utumbo haufuliwi. Mbaya zaidi ni kununua vidonge vya metronidazoli kila tumbo likinguruma bila kupima, antibiotiki inaua na bakteria wazuri, na unajikuta na kuharisha ambako hukuwa nako.

Halafu kuna hali siyo za jikoni kabisa. Damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, kupungua uzito bila kutaka, kutapika mfululizo, maumivu yanayokuamsha usiku, nenda hospitali. Tumbo linalokua kubwa huku miguu inavimba au mwili unakonda linaweza kuwa maji, na kwa watu wa kanda ya ziwa, Mwanza na visiwa vya ziwani huko, kichocho kinaharibu ini na kulifanya tumbo livimbe hivyo, kwa hiyo sema kama umekuwa ukioga au kuvua ziwani. Mwanamke ambaye tumbo limejaa karibu kila siku kwa wiki tatu na anashiba haraka apimwe ultrasaundi, saratani ya ovari huanza hivyohivyo kimyakimya na kina mama wengi wanapewa dawa za gesi tu.

Ukienda kwa daktari beba orodha ya ulichokula wiki moja na saa tumbo lilipojaa, itamsaidia kuliko maneno "linanisumbua tu". Akishuku vidonda vya tumbo uliza kipimo cha kinyesi cha H. pylori, bakteria wanaoleta vidonda hivyo, na umwambie kama umekunywa omeprazole, dawa ya kupunguza asidi, wiki 2 zilizopita au antibiotiki ndani ya mwezi, kwa sababu zinaweza kuficha bakteria majibu yakatoka safi na bado wapo.