Somo: kubana maji ya bidoni

Ziwa Kivu tunaliona kila siku, na bado Goma maji ni shida. Tumekaa juu ya mawe ya volkano: mvua inazama hapo hapo, na kisima hakichimbwi kwa jembe. Robine (bomba za maji) zikikauka, ni bidoni ya lita 20 mgongoni, kamba kwenye paji la uso.

1. Anza na kifuniko. Bidoni yetu moja tulikuwa tunaiziba kwa kipande cha mfuko. Mtoto akipanda mawe ya 2002, yale ya lava ya volkano Nyiragongo, mgongo wa shati unalowa. Siku moja nikapima kwa kopo: zaidi ya lita 2 zimebaki njiani! Kifuniko nilinunua jioni ile ile.

2. Tenga ya kunywa. Ikitiwa klorini kwa sindano pale ufukweni, subiri dakika 30, halafu usiiguse kwa kazi nyingine. Kudeki kwa maji yenye dawa ni hasara, na kipindupindu tunakijua tangu 1994.

3. Yape maji kazi tatu. Ya kusuuzia nguo nyeupe yaloweke za rangi, kisha yadeki, kisha yaende chooni. Yaliyoosha lengalenga (mchicha) yamwagilie lengalenga. Hapa ndipo bidoni nzima inapookolewa, ila ndoo za kusubirishia lazima ziwepo, na watu wa nyumbani watalalamika wiki ya kwanza.

4. Kinga mvua. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Bati la mita 6 kwa 5, mvua ya milimita 10: lita 300, yaani bidoni 15. Toa zinazoruka pembeni.

MASWALI

Yaya, hiyo ya mvua tunakunywa?
Mimi sinywi. Mvua ikipita kwenye moshi wa Nyiragongo inabeba asidi na floraidi, na kuchemsha hakuondoi floraidi. Fulia, deki. Ile ya mwanzo iache ioshe bati kwanza.

Mwenye nyumba hataki mfereji kwenye bati lake.
Tafuta kona inayomwaga sana, weka beseni chini yake. Usigombane naye.

Mimi sibebi, chukudu (kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili) inaniletea. Somo hili linanihusu?
Unalipa kwa bidoni, siyo? Basi andika mlangoni, wiki nzima, ngapi zimeingia. Wiki ijayo fanya namba 3, halafu uje utuambie.